Kuotesha Nyanya kwa Mbegu katika Nchi ya Baridi



Somo letu la mwezi huu ni la bustani, nalo lahusu nyanya, ambayo karibu kila nyumba kwetu yaijua, na kwa sababu yajulikana hivyo huenda hatuihesabu kuwa kitu kikubwa. Kwetu nyanya huota hata mahali isipopandwa: mtu humwaga maji ya kuoshea vyombo nyuma ya jiko, na baada ya siku chache huona mche umechipuka. Mche ukifa, twapanda mwingine. Mvua ikiharibu bustani, twangoja majira mengine. Basi watu wengi hudhani kwamba kazi hii haihitaji akili nyingi.

Lakini ziko nchi ambazo majira ya kupanda huja mara moja tu kwa mwaka, tena ni mafupi sana. Huko mtu akikosa siku zake, hana nafasi ya pili mpaka mwaka ujao. Sisi tuandikao maneno haya tulikaa miaka michache katika nchi ya namna hiyo, yaani Alaska, jimbo la kaskazini kabisa la Marekani, karibu na mji uitwao Fairbanks. Tuliyojifunza huko, mengine kwa kusoma na mengine kwa hasara, twataka kuwaeleza. Twaamini yatawafaa wasomaji wetu wakaao nchi za juu, ambako umande huganda usiku, na wale wenye watoto au ndugu waliohamia nchi za kaskazini.

Shina la somo hili zima ni neno moja: katika nchi ya baridi mkulima hahesabu siku zake kuanzia mbegu, bali huzihesabu kuanzia sakitu, akirudi nyuma. Sakitu ni ule umande ulioganda, mweupe kama chumvi, uonekanao juu ya majani asubuhi baada ya usiku wa baridi kali. Tulishike neno hili, kisha tuone maana yake hatua kwa hatua.

1. Tabia ya nyanya

Nyanya za mwitu asili yake ni magharibi ya Amerika ya Kusini, upande wa milima ya Andes. Watu wa Mexico waliilima nyanya tangu zamani, na Waspania walipoiteka nchi yao mwaka 1521, mbegu zikapata njia ya kwenda Ulaya, na baadaye zikaenea duniani. Mmea huu ni wa nchi ya joto. Hata ukipelekwa mbali namna gani, tabia yake haibadiliki upesi.

Yatupasa kujua mambo manne juu ya nyanya na baridi. Vipimo vyote tutakavyotaja ni nyuzi za Selsiasi.

Kwanza, mbegu yake hungoja joto la udongo. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 25, mbegu huchipua baada ya siku 6 hivi. Kwa nyuzi 20 huchukua siku 8. Kwa nyuzi 15 siku 14. Na kwa nyuzi 10 huchukua siku 43 hivi, na nyingi huoza kabla ya kuota. Tazameni tofauti hiyo: mbegu ni ile ile na udongo ni ule ule, lakini moja hutoka kwa juma moja, na nyingine kwa mwezi mmoja na nusu.

Pili, mche uliokwisha kuota hausongi mbele katika baridi ya chini ya nyuzi 10. Haufi, lakini husimama tu. Mara nyingi upande wa chini wa majani hugeuka rangi ya zambarau, kwa maana mizizi iliyopoa haiwezi kuvuta vema chakula kiitwacho fosforasi, hata kama kimo tele udongoni.

Tatu, ua haligeuki kuwa tunda katika baridi. Usiku ukipoa chini ya nyuzi 13 hivi, chavua hudhoofika, na maua mengi hupukutika bila kuzaa.

Nne, sakitu huua. Saa moja ya sakitu yatosha kumaliza kazi ya miezi mitatu.

2. Nchi yenyewe

Fairbanks iko karibu digrii 65 kaskazini ya Ikweta. Mwezi wa Januari joto la wastani huwa nyuzi 22 hivi chini ya sifuri. Katika siku zilizo fupi kabisa za mwezi wa Desemba jua huonekana kwa muda usiozidi saa 4 kwa siku. Lakini mwezi wa Juni mambo hugeuka kabisa, hata jua hukaa juu karibu saa 22, na usiku hauwi giza kamili. Mimea hunywa nuru hiyo na kukua kwa ajabu. Kabichi za Alaska zajulikana kwa ukubwa wake.

Walakini nuru nyingi si joto jingi. Chini ya udongo, mahali pengi, iko ardhi iliyoganda isiyoyeyuka hata wakati wa kiangazi. Mtu akichimba kwa jembe siku ya jua kali huona udongo wa juu una vuguvugu, na udongo wa chini ni wa baridi kama maji ya mtungi.

Serikali ya Marekani ilianza kupima kilimo cha Alaska mwaka 1898, chini ya Charles Georgeson, mzaliwa wa Denmark, na shamba la majaribio la Fairbanks lilianzishwa mwaka 1906. Siku hizo watu wengi walisema kwamba nchi ile haifai kwa bustani. Kwa kupima na kuandika, mwaka kwa mwaka, watu wakajua ni mazao gani yanayoweza na lini yapandwe. Vipimo vyaonyesha pia kwamba nchi yenyewe imebadilika: mwanzoni mwa karne ya 20 siku zisizo na sakitu zilikuwa 85 hivi kwa mwaka, na baada ya miaka mia zilifika 123 hivi. Hata hivyo siku 123 si nyingi kwa mmea kama nyanya, ambao tangu mbegu hata tunda jekundu waweza kuchukua miezi minne au zaidi.

Basi waona shida ilivyo. Majira ni mafupi kuliko maisha ya mmea. Siku zinazopungua zatoka wapi? Zatoka ndani ya nyumba. Mkulima huanza maisha ya mche ndani, karibu na moto wake mwenyewe, huku theluji ingali imelala nje.

3. Kosa letu

Tuliposikia hayo mara ya kwanza, tulifikiri tumeelewa. Tulisema, ikiwa majira ni mafupi, dawa ni kuanza mapema, na kadiri mtu aanzavyo mapema ndivyo atakavyopata zaidi. Tukapanda mbegu mwezi wa Februari katika makopo, tukayaweka dirishani.

Mbegu zikaota vizuri, nasi tukafurahi. Lakini jua la Februari huko ni dogo na hupita chini. Miche ikarefuka ikitafuta nuru, ikawa myembamba na yenye rangi ya kufifia, kama nyasi zilizoota chini ya jiwe. Tukaifunga kwenye vijiti isianguke. Kufika mwezi wa Mei mingine ilikuwa na maua ndani ya kopo, na mizizi yake ilikuwa imejizungusha kama kamba. Tarehe 20 Mei ikawa siku nzuri ya joto. Tukaitoa nje yote kwa mara moja, tukaipanda bustanini. Siku mbili za jua zikaunguza majani, yakawa na mabaka meupe. Kisha ukaja usiku mmoja wa utulivu, mbingu wazi bila wingu wala upepo. Asubuhi miche yote ilikuwa imelala, meusi majani yake, kama mchicha uliotiwa maji ya moto.

Mama mmoja jirani, mtu mzima aliyezaliwa nchi ile, alipita akaona. Hakucheka. Alikwenda kwake akarudi na miche sita, mifupi ya shibiri moja, lakini shina la kila mche lilikuwa nene kama penseli, na majani ni ya kijani iliyoiva. Akasema, “Miche hii niliipanda katikati ya Aprili. Ninyi mlianza kuhesabu tangu siku gani?” Tukamjibu kwamba tulihesabu tangu siku tuliyopata mbegu. Akasema, “Ndiyo sababu. Anzeni na sakitu, mrudi nyuma.” Akatuambia tuiweke ndani usiku mpaka mwezi wa Juni.

Miche ile sita ilitupa nyanya mwezi wa Agosti. Yetu ya Februari, iliyoishi miezi mitatu, haikutupa hata moja.

4. Hesabu ya kurudi nyuma

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na mtoto wa shule aweza kuifanya.

Fairbanks watu wengi huchukua tarehe 1 Juni kuwa siku ya kupanda nje vitu visivyovumilia baridi, kwa maana kufikia siku hiyo hatari ya sakitu imepita kwa kawaida. Mche wa nyanya wataka majuma 6 hata 8 ndani ya nyumba. Tuchukue majuma 7, yaani siku 49. Kutoka tarehe 1 Juni turudi nyuma siku 49, twafika tarehe 13 Aprili. Hiyo ndiyo siku ya kupanda mbegu. Mbegu itatoka yapata tarehe 20 Aprili ikiwa mahali pa joto. Kuzoesha miche kutaanza yapata tarehe 22 Mei.

Kisha yapo mahesabu ya pili, ya upande wa mavuno. Kwenye pakiti ya mbegu huandikwa idadi ya siku. Wengi hudhani ni siku tangu kupanda mbegu. Lakini kwa nyanya, kwa kawaida, ni siku tangu mche kupandwa nje hata tunda la kwanza kuiva. Tena siku hizo zilihesabiwa katika nchi yenye joto la kutosha. Katika nchi ya baridi yafaa kuongeza siku 20 hivi.

Basi aina ya siku 60, ikipandwa nje tarehe 1 Juni, na tukiongeza siku 20, itaanza kuiva yapata tarehe 20 Agosti. Aina ya siku 80, kwa hesabu ile ile, itaanza kuiva yapata tarehe 9 Septemba. Na sakitu ya kwanza ya Fairbanks yaweza kuja mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba. Aina ya kwanza itamlisha mwenye bustani, ya pili itamsikitisha. Aweza kulijua hilo mezani pake, kwa kalamu na karatasi, kabla hajafungua pakiti.

5. Kuchagua mbegu

Nyanya za matunda makubwa sana huchelewa. Kwa nchi ya baridi tutafute zile za matunda madogo au ya kadiri, ambazo huiva upesi. Zipo aina zilizozalishwa kwa ajili ya nchi hizo. Iitwayo Sub-Arctic Plenty ilitoka katika kituo cha utafiti cha Beaverlodge, jimbo la Alberta, Canada. Stupice ilitoka nchi iliyoitwa zamani Czechoslovakia. Oregon Spring ilizalishwa na chuo kikuu cha jimbo la Oregon, Marekani, nayo ina tabia ya ajabu: yaweza kufanya tunda hata chavua ikiwa dhaifu kwa baridi, na kwa sababu hiyo matunda yake ya kwanza mara nyingi hayana mbegu nyingi.

Tena tujue namna mbili za mimea ya nyanya. Namna ya kwanza hurefuka bila mwisho mpaka ife. Namna ya pili hufika kimo chake ikasimama, ikazaa matunda yake karibu kwa wakati mmoja. Namna hii ya pili ilionekana kwanza Florida mwaka 1914, katika mmea uliobadilika wenyewe. Kwa majira mafupi, namna hii fupi mara nyingi hufaa zaidi, kwa maana haipotezi nguvu kwa kurefuka.

Mtu akitaka kujiwekea mbegu, asitumie mbegu za chotara, kwa kuwa watoto wake hawatafanana na mama. Achague mmea ulioiva mapema kuliko yote, si ule wenye tunda kubwa kuliko yote. Akamue mbegu na maji yake katika kikombe, aziache siku 2 au 3 mpaka ule utelezi uachane nazo, azioshe, azikaushe kivulini. Zikitunzwa pakavu na pasipo joto, huota vema hata baada ya miaka 4.

6. Malezi ya ndani

Udongo wa kuoteshea uwe mwepesi na safi. Mbegu ifunikwe kwa udongo wa nusu sentimeta tu, hata sentimeta moja. Mpaka zitakapotoka, chombo kikae mahali pa joto. Lakini zikiisha kutoka, kitu cha kwanza zinachotaka ni nuru, wala si joto. Mche wenye joto jingi na nuru haba hurefuka na kudhoofika, na hilo ndilo lililotupata sisi. Siku hizi watu wengi hutumia taa za umeme zilizoshushwa karibu na miche, kwa saa 14 hata 16 kwa siku. Wasiziache usiku kucha, kwa maana majani ya nyanya hudhurika yakikosa giza kabisa.

Maji yatiwe kwa kiasi, na sehemu ya juu ya udongo ikauke kidogo kabla ya kutia tena. Udongo ukiwa na unyevu daima, huja ugonjwa wa kinyausi: shina la mche huoza usawa wa udongo, nao huanguka kana kwamba umekatwa. Mche ulioanguka hivyo hauponi.

Majani mawili ya kwanza ni ya mbegu. Yakija majani ya kweli, yaliyochanika kama ya nyanya kubwa, kila mche uhamishwe katika kopo lake. Tuushike kwa jani, si kwa shina, kwa kuwa jani likivunjika litaota jingine, na shina likivunjika basi. Tuufukie mpaka karibu na majani ya mbegu, kwa maana shina la nyanya hutoa mizizi popote liguswapo na udongo. Tena ni vizuri kupitisha kiganja juu ya miche taratibu kila siku. Mguso huo hufanya kazi ya upepo, na shina hunenepa.

7. Kuzoesha

Hapa ndipo watu wengi hupoteza kazi yao. Mche uliolelewa ndani haujapata kuona jua kali wala upepo. Kuutoa ghafula ni kama kumtoa mtoto mchanga nje usiku bila nguo.

Kuzoesha huchukua siku 7 hata 10. Siku ya kwanza miche itolewe saa moja au mbili tu, kivulini, pasipo upepo. Siku ya pili muda uongezwe. Siku ya tatu au ya nne ipate jua kidogo la asubuhi. Hivyo iendelee mpaka yaweza kukaa nje mchana kutwa. Maji yapunguzwe kidogo, lakini isiachwe kunyauka. Usiku irudi ndani, isipokuwa zile siku za mwisho, kama usiku hauna baridi. Kazi hii ya kutoa na kurudisha yachosha, hasa mwenye miche mingi, lakini haina njia ya mkato. Haraka haraka haina baraka.

8. Kupanda nje

Tarehe ya kalenda ni msaada, lakini udongo ndio mwamuzi. Mkulima auguse, au aupime kwa kipimajoto: uwe na nyuzi 15 au zaidi. Huko Fairbanks watu hutandika plastiki juu ya udongo majuma kadhaa kabla ya kupanda, ili jua liupashe moto. Wengine huinua matuta, na wengine hupanda ndani ya nyumba ndogo za vioo au plastiki, nao hupata mavuno bora kuliko walio wazi.

Kwetu twazoea kuchimba shimo refu. Katika udongo wa baridi hilo ni kosa. Ikiwa mche ni mrefu, chimba mfereji wa kina kidogo, laza shina ndani yake, na uinue kichwa tu nje. Mizizi itatoka kwenye shina lote, nayo itakaa katika udongo wa juu wenye joto. Maji ya kunyweshea yawekwe kwanza katika pipa juani, yasitoke kisimani moja kwa moja. Matandazo ya nyasi, ambayo kwetu ni mema, huko yangoje mpaka udongo upate joto, kwa kuwa hulizuia jua.

Na kila jioni mtu atazame mbingu. Usiku wa mawingu huhifadhi joto kama blanketi. Usiku mweupe, wenye nyota na utulivu, ndio wa kuogopwa. Afunike miche kwa shuka kuukuu au ndoo kabla jua halijashuka, na afunue asubuhi.

9. Maua na mwisho wa majira

Ua la nyanya lina dume na jike ndani yake. Lahitaji kutikiswa tu ili chavua ianguke. Nje, upepo na nyuki hufanya kazi hiyo. Ndani ya nyumba ya vioo, mtu agonge shina kidogo kwa kidole wakati wa adhuhuri.

Yapata mwezi mmoja kabla ya sakitu, mkulima hufanya jambo lililotuumiza sisi tulipoliona mara ya kwanza: hukata kilele cha mmea, na kuondoa maua yote mapya. Ua huhitaji yapata siku 45 hata 60 ili kuwa tunda lililoiva. Ua la mwezi wa Agosti halitapata siku hizo, na likiachwa litakula chakula cha matunda yaliyo tayari kukua. Hapo hesabu ya kurudi nyuma yatumika tena, safari hii kwa kisu.

Sakitu ikikaribia, matunda yote mazima yachumwe, hata ya kijani. Yale yaliyoanza kubadilika rangi huiva ndani ya nyumba. Kwa habari hii watu wa kwetu hawahitaji mwalimu, kwa maana twajua kuvundika ndizi. Nyanya nazo huvundikwa: zipangwe katika sanduku, zisibanane, pasipo baridi wala jua, na pamoja nazo ndizi moja mbivu, ambayo pumzi yake huziharakisha. Ziangaliwe kila siku, na iliyooza iondolewe.

10. Somo hili kwetu

Wasomaji wengine watauliza, Alaska yatuhusu nini? Yawahusu hasa wenzetu wa nyanda za juu. Uwanda wa Kitulo, Makete, wapita mita 2,600 juu ya bahari, na miezi ya Juni hata Agosti sakitu huonekana huko. Tofauti ni hii: kwetu siku za mwaka karibu zalingana kwa urefu, wala hatupati jua la saa 22 la kuharakisha mmea, na katika nchi za juu usiku wa baridi waweza kuja mwezi wowote. Tena kwetu mvua ndefu pamoja na baridi huleta bakajani, ule ugonjwa wa ukungu uunguzao majani na matunda kwa siku chache.

Basi twasimama kati ya adui wawili, sakitu na mvua, na hesabu ni ile ile. Tuseme mahali pako sakitu huisha katikati ya Septemba. Kutoka tarehe 15 Septemba rudi nyuma siku 49, wafika tarehe 28 Julai. Siku hiyo panda mbegu katika kitalu chenye kifuniko, karibu na ukuta wa jiko. Miche itatoka nje baridi ikipungua, nawe utainywesha kwa mkono, na maua yatakuja kabla mvua kubwa hazijakaza. Lakini tarehe hizi ni mfano tu. Uliza wazee, tazama majani asubuhi, andika katika daftari siku ya sakitu ya mwisho na ya kwanza, mwaka kwa mwaka. Daftari hiyo itakuwa ya thamani kuliko pakiti ya mbegu.

Sisi tulipopoteza miche yetu tulidhani tumekosa juhudi. Sivyo, juhudi tulikuwa nayo nyingi. Tulikosa kutazama mwisho kabla ya kuanza. Yule mama jirani alifanya kazi nusu ya yetu, akavuna, naye akapata na ziada ya kutugawia.

Maswali ya kukumbuka somo

1. Mbegu ya nyanya huchukua siku ngapi kuota katika udongo wa nyuzi 25, na siku ngapi katika udongo wa nyuzi 10?
2. Kwa nini miche ya Februari ilishindwa na ile ya Aprili ikazaa?
3. Siku zilizoandikwa kwenye pakiti huhesabiwa tangu lini?
4. Eleza kazi ya kuzoesha miche, tangu siku ya kwanza hata ya mwisho.
5. Kwa nini mche mrefu hulazwa katika udongo wa baridi, usisimamishwe katika shimo refu?
6. Mahali unapokaa wewe, ni jambo gani linalofunga majira ya nyanya: sakitu, mvua, au ukame? Taja tarehe yake, kisha hesabu kurudi nyuma mpaka siku ya kupanda mbegu.